Aya ya Mwisho ya Mwandishi wa Bukaresti

Wakala aliyenipeleka Dubai alinifundisha kusema uongo kabla ya kunifundisha jambo lingine lolote. Tulikuwa ofisini kwake Nairobi, fomu yangu mkononi mwake, akafika pale nilipojaza kazi yangu ya awali: mwandishi wa habari. Akapapiga mstari kwa kalamu nyekundu.

"Hii usiandike kabisa, mama. Andika mlezi wa wazee. Si ulimlea nyanya yako?"

"Nilimlea mwaka mmoja."

"Basi andika sita. Mwandishi wa habari nani atamkaribisha nyumbani kwake?"

Gazeti letu lilikuwa limefungwa mwaka uliotangulia. Nilikuwa nimelitumikia kwa miaka kumi na mmoja. Nilianza kama msahihishaji wa prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa, nikawa mwandishi wa mahakamani, mwishowe nikakalia kiti cha mhariri msaidizi, yule anayekata habari za wenzake zitoshe kwenye ukurasa. Nilitia sahihi fomu ya uongo, nikapanda ndege nikiwa na cheti cha ulezi nilichokipata kwa wiki mbili. Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, wakati nusu ya rafiki zangu walikuwa Ghuba na nusu nyingine wakitafuta viza.

Nilipelekwa mtaa wa Oud Metha, kwenye fleti ya ghorofa ya sita juu ya kliniki ya meno. Mzee niliyepewa kumtunza alikuwa mwanamke wa miaka themanini na mitano, mzaliwa wa Bukaresti, mji mkuu wa Romania. Nilimwita Madam. Miguu yake ilikuwa imechoka na jicho moja lilikuwa na ukungu, lakini kichwa chake kilikuwa kizima kuliko changu. Aliishi na mwanawe wa pekee, mtu mzima wa miaka sitini na ushei, niliyemwita Sir. Alikuwa na ghala la vipuri vya magari huko Ras Al Khor, na ndiye aliyekuwa kafeel wangu, mdhamini wa viza. Sote watatu tulielewana kwa Kiingereza, kila mmoja na chake.

Siku ya kwanza Sir alinipa masharti akiwa amesimama mlangoni mwa jikoni, funguo za gari mkononi.

"Jirani akikuuliza, sisi ni Waromania. Inatosha. Dini yetu hujui. Ukoo wetu hujui. Na lile sanduku la kijivu chini ya kitanda cha mama, hulifungui wala hulisogezi. Hata ukifagia, zunguka."

Akanionyesha kamera ya sebuleni na ya jikoni. Chumbani kwa mama yake hakuweka.

Nilikuwa nikifika saa moja asubuhi na kuondoka saa kumi na mbili jioni, nikirudi Satwa kwenye chumba nilichoshiriki na mwanamke wa Mombasa aliyeuza mabuibui Deira. Nilipomsimulia habari za sanduku, aliacha kuchana nywele.

"Mtu akikukataza kitu siku ya kwanza, ujue amekuwa akikiwaza kabla hujaja," akasema. "Toka mapema, mwenzangu. Wakishikwa, wao wana ubalozi. Wewe una nani? Kafeel. Na kafeel ndiye huyo huyo."

Maneno hayo yaliniingia. Nilianza kumchunguza Sir kama nilivyokuwa nikichunguza mashahidi kizimbani. Alikuwa akishusha sauti simu ikilia. Barua zilizokuja kutoka Ulaya alizifungulia kwenye gari. Mara moja jirani Mlebanoni alimuuliza mbele yangu kwenye lifti kama wao ni Waorthodoksi, kama Waromania wengine anaowafahamu. Sir alicheka, akasema, "Sisi si watu wa kanisani sana," akabonyeza kitufe cha ghorofa ambacho tayari kilikuwa kimewaka. Nilidhani ni dhahabu. Halafu nikadhani ni pasipoti bandia. Kila nilipofagia nilizunguka lile sanduku, na kila nilipolizunguka nilihisi linanitazama.

Madam ndiye aliyelifungua. Ilikuwa alasiri, mwezi wa pili wangu pale, Sir akiwa kazini. Aliniambia nilivute na kumpa ufunguo aliouficha ndani ya pochi ya miwani. Nilivuta polepole. Alipoinua kifuniko, iliyotoka ilikuwa harufu niliyoijua kuliko harufu ya nyumba yetu: karatasi ya gazeti la zamani.

Lilikuwa limejaa vipande vya magazeti, vimebandikwa kwenye karatasi nene, rangi ya chai iliyopoa. Chini yake palikuwa na miswada iliyoandikwa kwa mkono, imefungwa kwa utepe.

"Kazi ya baba yangu," Madam akasema. Aliniwekea kipande kimoja mapajani kwa fahari, kama mtu anayekuonyesha picha ya harusi. Sikujua neno hata moja la Kiromania, lakini macho yangu hayakuhitaji lugha. Kabla sijafikiri nikasema:

"Hapa walimkata mistari ya mwisho, halafu wakatanua nafasi kati ya mistari ili safu ijae. Aliyepanga ukurasa huu alikuwa na haraka."

Madam alinitazama. Akanyoosha mkono, akachukua kile kipande, akakirudisha ndani. Akafunga sanduku, akavua miwani.

"Nenda kapike," akasema.

Kwa siku tatu hakunisemesha. Alikula nilichompikia baada ya kukinusa kwanza. Nilipomsaidia kuoga alishikilia taulo kifuani kama mbele ya mwanamume. Siku ya nne, nikimkata kucha, alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa na mtu, Madam."

"Nimeishi miaka arobaini chini ya serikali ambayo ilimlipa mfagiaji wangu, mwalimu wa mwanangu na daktari wangu wa meno. Najua mtu anayejua zaidi ya kazi yake. Mlezi wa wazee hajui nafasi kati ya mistari. Nani?"

Ningeweza kudanganya tena. Nilikuwa nimeshapata mazoezi. Lakini kucha zake zilikuwa zimenikamata, na nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kwenye fomu. Nikamwambia ukweli wote: prufu, mahakama, gazeti lililofungwa, wakala na kalamu yake nyekundu. Aliniuliza maswali kama polisi. Ukurasa wa kwanza ulifungwa saa ngapi? Jina la mwandishi lilikaa juu au chini ya habari? Nikilikuta kosa wakati mashine imeshaanza kuchapa, nilifanya nini? Nilipojibu la mwisho, kwamba nilijificha chooni, alicheka kwa mara ya kwanza.

"Baba alijificha kwa muuza kahawa," akasema.

Tangu hapo, kila alasiri Sir akishaondoka, alinisimulia. Sikumwamini kabisa na yeye hakuniamini kabisa, lakini tulikuwa na kitu cha kufanya.

Baba yake alikuwa Myahudi wa mji mdogo wa kaskazini, mtoto wa fundi saa. Hapo ndipo nilipoelewa masharti ya Sir kuhusu dini na ukoo. Alifika Bukaresti miaka ya ishirini, baada ya vita vya kwanza, akiwa na viatu vya kuazima, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kusahihisha prufu. Nilipolisikia hilo nilikaa vizuri. Kisha akawa mwandishi wa mahakamani. Akaandika kesi za wezi wa kuku na wanawake waliowamwagia waume zao maji ya moto, kesi ambazo magazeti makubwa hayakuzijali, na watu wakaanza kununua gazeti ili wamsome yeye. Mhariri wake alimwambia achague jina la Kiromania la kuandikia, kwa sababu jina lake la kuzaliwa lilimtangaza. Akachagua. Magazeti ya watu waliowachukia Wayahudi yakagundua, na kila yalipomtaja yaliandika lile jina la kalamu, halafu jina la kuzaliwa kwenye mabano, ili msomaji ajue anasoma nani.

"Kwenu mna mabano?" Madam akauliza.

Nikamwambia kwetu hatuhitaji. Jina la ukoo likishachapishwa, msomaji ameshajua unatoka mlima gani au ziwa gani, na ameshaamua kama unasema kweli kabla ya kusoma habari yenyewe. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia habari za ndugu wa mbali.

Mwishoni mwa miaka ya thelathini ikaingia serikali iliyoyafunga magazeti kadhaa kwa siku moja, likiwamo la baba yake. Waandishi Wayahudi wakanyang'anywa vitambulisho vyao vya kazi na kile kibali cha kupanda treni bure. Madam alikuwa na miaka minane au tisa. Alikumbuka baba yake ameketi mezani asubuhi akiwa amevaa tai, hana pa kwenda.

Hapo ndipo akaingia rafiki. Alikuwa mwandishi mwenzake, Mkristo, mtu mnene mwenye kikohozi. Akampa mpango: baba aandike, yeye anakili kwa mwandiko wake mwenyewe, apeleke kwenye gazeti lililobaki wazi na kutia sahihi jina lake. Malipo ataleta. Kila wiki alikuja na mfuko wa viazi au siagi, akanakili mezani, akaondoka na nakala. Mswada wa baba ulibaki nyumbani. Ndiyo ile miswada yenye utepe.

"Kwa hiyo alikuwa rafiki mwema," nikasema.

Uso wa Madam ulijifunga kama dirisha.

"Alikuwa mwizi," akasema, akachomoa kipande kimoja kilichokuwa peke yake katika bahasha. "Soma."

"Sijui lugha, Madam."

Akanisomea yeye, akitafsiri. Ilikuwa kesi ya mjane aliyefukuzwa chumbani kwake na mwenye nyumba. Hata katika Kiingereza chake cha kukwaruza ilikuwa habari nzuri. Nilimwona yule mjane na birika lake. Halafu ikaja aya ya mwisho. Ghafla ilisema kwamba mwenye nyumba alikuwa Myahudi, na kwamba watu hao ndio walioijaza nchi machozi, na kwamba serikali inafanya vyema kuwabana. Nilishtuka. Sentensi zilikuwa ndefu, nzito.

"Hiyo si ya baba," Madam akasema. "Rafiki aliiongeza alipokuwa akinakili. Na mswada wa makala hii, angalia, haupo. Mingine yote ipo. Huu mmoja aliuiba ili nisiwe na ushahidi. Miaka sabini na kitu nimejua hivyo."

Nilimwomba tufanye jambo moja ambalo mhariri yeyote angelifanya: tulinganishe mswada na chapa, makala moja moja. Alikuwa hajawahi. Alisema jicho, alisema mwandiko wa baba ni mgumu, lakini nadhani aliogopa. Ilituchukua karibu mwezi. Yeye alisoma mswada kwa sauti kwa kioo cha kukuzia, mimi nilifuata kwa kidole kwenye chapa, herufi kwa herufi, lugha nisiyoijua. Makala tisa. Gazeti lilikuwa limekata hapa na pale, kwa ajili ya nafasi. Lakini kuongezwa kitu, hapana. Yule rafiki hakuwa ameongeza hata mkato.

"Madam," nikasema siku tulipomaliza ya tisa, "mtu aliyenakili tisa bila kugusa mkato, kwa nini aguse ya kumi?"

Alikasirika. Akaniambia mimi sikuwepo, mimi sijui watu walivyokuwa. Akaniambia nirudishe sanduku. Sikubishana. Lakini shaka ilikuwa imeshatoka mdomoni, na haikurudi.

Jioni hiyo Sir aliniita sebuleni nilipokuwa nikichukua mkoba wangu niondoke.

"Mama amelia leo. Sijui mnachofanya huko chumbani, ila kikome. Acheni kuutafuta huo mswada. Khalas."

Nikajibu, "Sawa, sir," nikatoka. Nilikuwa nimefika kituo cha metro ndipo nikasimama. Madam alikuwa ameniapisha tusimwambie mwanawe tunachofanya, alijua angelikatisha. Huenda Sir alijua tunasoma magazeti. Lakini nani alimwambia kuna mswada tunaoutafuta? Mimi na Madam wenyewe hatukuwa tunautafuta. Tulijua umeibwa zamani, na mtu aliyekwisha kufa.

Nilimwambia mwenzangu wa Mombasa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Usimuulize," akasema. "Naapa, usimuulize. Kesho utakuwa uwanja wa ndege na sanduku lako."

Kwa wiki nzima sikumuuliza. Kisha hospitali ikataka sahihi yake kwenye fomu za upasuaji wa jicho la Madam, na kwa kuwa yeye hakuweza kutoka kazini, aliagiza nimpelekee. Jirani alikubali kukaa na Madam. Nilipanda basi hadi Ras Al Khor, nikapita pale kwenye maji ambapo heroe husimama waridi kwa mamia, kama walivyokuwa wakisimama ziwani kwetu Nakuru, na sikuweza hata kuwafurahia. Nilikuwa nikipanga swali langu kama enzi za mahakamani: fupi, lisilo na mlango wa pembeni.

Ofisi yake ilikuwa kijichumba cha kioo ndani ya ghala, kimezungukwa na rafu za milango ya magari. Alitia sahihi fomu bila kuzisoma. Nikasema:

"Sir, nani alikwambia kuna mswada unaotafutwa?"

Aliweka kalamu chini. Rangi ilimpanda shingoni.

"Wewe," akasema polepole, "karatasi zako zinasema mlezi. Mama yangu ananiambia ulikuwa mwandishi wa habari. Unajua nikipiga simu moja tu, itakuwaje?"

"Najua."

"Na bado unauliza."

Nilijilaumu kwa kutomsikiliza mwenzangu. Nje, forklifti ilipita ikilialia. Tukasubiri kelele iishe. Nilitarajia simu. Badala yake alifungua droo ya chini kabisa, akatoa faili ya bima, na ndani ya faili ya bima akatoa karatasi moja iliyokunjwa mara nne.

"Nyanya yangu alinipa hii siku chache kabla ya kufa," akasema. "Mke wa huyo mwandishi. Aliniambia niichome na mama asiione kamwe. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nimehama nchi tatu nayo. Sijui kwa nini sikuichoma."

Akaikunjua. Niliujua ule mwandiko. Nilikuwa nimeishi nao mwezi mzima. Mwandiko mdogo, uliosimama wima, wino mweusi. Na pale chini, aya ya mwisho ilikuwepo. Mkono ule ule.

"Babu aliandika mwenyewe," Sir akasema. "Aliwatukana watu wake mwenyewe kwa ajili ya viazi. Mama yangu amempenda kuliko alivyompenda mume wake, kuliko anavyonipenda mimi. Sasa niambie, ungempa?"

Sikumsikia vizuri, kwa sababu nilikuwa nikiangalia ukurasa. Makala yenyewe ilikuwa ya wino. Aya ya mwisho ilikuwa ya penseli. Makala ilikuwa imeishia penye nafasi nzuri, na chini ya mstari wa mwisho palikuwa na kistari kifupi, kile alichokichora kila alipomaliza. Nilikuwa nimekiona kwenye miswada tisa. Aya ya penseli ilikuja baada ya kistari, imebanwa, ikipanda hadi ukingoni. Na kwenye ukingo wa kushoto palikuwa na maneno mawili kwa mwandiko mwingine, mnene, wa kulala.

"Haya yanasema nini?"

Aliinama. "Sijui ni ya nini. 'Anauliza tena.' Mtu tu ameandika."

"Ni yule rafiki," nikasema. "Sir, babu yako alikuwa amemaliza. Angalia kistari. Nakala ilikwenda, ikarudi, naye akaandika haya pembeni mwa mswada, labda ili mtoto asisikie. Mhariri alikuwa ameanza kunusa. Alimjua babu yako. Wote walimjua, walisoma kesi zake za wezi wa kuku miaka kumi. Akamuuliza rafiki, hizi ni zako kweli? Akauliza tena. Basi yeye na babu yako wakatafuta kitu ambacho hakuna mtu angedhani Myahudi ameandika."

"Huwezi kujua hilo."

"Siwezi kuapa. Lakini mimi nimeandika aya kama hiyo."

Nikamweleza jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu yeyote, hata mume wangu niliyemwacha nyumbani. Wakati wa zile ghasia za baada ya uchaguzi kwetu, watu wakichomeana nyumba, mhariri aliniita na kuniambia habari yangu ya kambi ya wakimbizi inaonekana imeelemea upande wa watu wetu. Ilihitaji sentensi moja ya kusawazisha, kwamba wazee wa jamii yetu nao walikuwa wamepanga mashambulizi. Sikuwa na shahidi wa hilo, hata mmoja. Niliandika. Nilimaliza habari, nikaongeza sentensi ile chini, na ikatoka na jina langu juu yake, jina ambalo kila msomaji angelijua ni la wapi. Nilibaki na kazi. Mjomba wangu hakunisemesha mpaka alipokufa.

Sir alizipanga zile fomu za hospitali mara mbili.

"Mama akikuuliza," akasema hatimaye, "sema hujaona kitu."

"Sitasema hivyo, sir. Sitamwendea kumwambia, lakini akiniuliza sitadanganya. Afadhali umpe wewe."

Nilirudi kwa basi nikijua labda nimepoteza kazi. Jioni, kabla sijaondoka, nilisikia gari likiegeshwa. Alipanda na faili ya bima kwapani. Alinipita bila neno, akaingia chumbani kwa mama yake na kuacha mlango wazi, nadhani kwa ajili yangu.

Madam alisoma kwa kioo cha kukuzia. Mimi nilikuwa mlangoni. Alisoma mpaka chini, akarudi juu, akasoma tena. Sir alianza kumweleza kuhusu kistari na penseli na yale maneno mawili, na alieleza vizuri, kama kwamba ameyagundua yeye. Madam hakumtazama. Aliuliza jambo moja kwa Kiromania, na baadaye Sir aliniambia lilikuwa: unayo tangu lini? Alipomjibu, alimwambia atoke.

Akaniita mimi.

"Nilimfungia mlango," akasema.

"Nani, Madam?"

"Yule rafiki. Baba alikufa majira ya baridi ya mwisho wa vita. Mapafu, baada ya kazi za kulazimishwa. Vita vilipokwisha huyu alikuja nyumbani. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Alikuja na orodha ya makala zote. Alitaka zichapishwe upya kwa jina la baba. Alisema mchapishaji amekubali, anahitaji miswada tu. Nilimwita mwizi ngazini, majirani wakisikia. Nilifunga mlango. Mama alikuwa jikoni, alisikia kila kitu, hakufungua mdomo." Aliweka kioo chini. "Alijua, na aliniacha nifunge."

Nilimshika mkono. Hakuurudisha nyuma, lakini hakunishika pia.

Hakusema na mwanawe kwa siku tisa. Siku ya kumi alimwambia amtafutie watu wa yule rafiki. Sir alitafuta kwenye intaneti, akampata mjukuu wa kike, mwalimu, Bukaresti. Madam alimwandikia barua kwa mkono kwa muda wa wiki moja, akiichana na kuianza upya, jicho lake lililokwisha kupasuliwa likitoa machozi kwa sababu ya mwanga. Alinitafsiria nakala ya mwisho. Alieleza yote: viazi, mpango, kistari, mlango. Aliomba radhi. Aliomba pia kama familia ingekubali zile makala kumi sasa zichapishwe na majina yote mawili, la aliyeziandika na la aliyezibeba.

Tulisubiri miezi miwili. Jibu lilikuja kwa njia ya Sir, na safari hii hakulifungulia kwenye gari. Lilikuwa fupi. Mjukuu alimshukuru Madam kwa barua yake ya kuvutia. Alisema babu yake alikuwa mwandishi aliyeheshimika, kwamba kazi zake ni zake, na kwamba katika nyaraka za familia hakuna kinachothibitisha madai hayo. Alisema wamewahi kusumbuliwa na watu wanaodai mambo ya zamani, na aliuliza Madam hasa anatafuta nini. Alimwomba mawasiliano yoyote mengine yapitie kwa wakili.

Sir alikasirika. Alisema wana miswada, wana ushahidi, watafute wakili wao. Mimi nilikuwa nimeshamshuku yule mwalimu kabla Madam hajamaliza kusoma. Nilisema bila shaka wanazo barua, wamezificha.

Madam aliikunja ile karatasi mara nne.

"Mwacheni," akasema. "Mtu usiyemjua anakuandikia kutoka Dubai, anasema babu yako hakuandika kitu ulichosoma jina lake juu yake tangu utoto. Mimi ningemjibu vibaya kuliko hivyo."

Aliishi mwaka mmoja na nusu zaidi, na zile makala hazikuchapishwa. Hatukulifungua tena sanduku pamoja, ingawa mara kadhaa nilimkuta amelifungua mwenyewe, na alikuwa akilifunga nikiingia.